Kijani Kwanza: Niliyoyaona Nikichora Maua ya Bustani kwa Akriliki

Anayetaka kuchora maua kwa mara ya kwanza hununua rangi za maua. Nyekundu za kila namna, waridi, zambarau, njano mbili tatu, na kijani kimoja cha kutimiza idadi. Namwelewa, maana ua ndilo lililomvuta. Lakini ukifungua sanduku langu leo, tyubu zilizokunjwa hadi shingoni ni za bluu, njano, kahawia na nyeupe, vitu vya kutengenezea majani na vivuli. Magenta, ile nyekundu inayoelekea zambarau ambayo kila mtu huiulizia, hunikalia muda mrefu. Bustani ndivyo ilivyo. Simama mbele yake uipime kwa jicho: maua huchukua sehemu ndogo tu, kilichobaki ni majani, matawi, udongo, giza la vichakani na vipande vya anga vinavyochungulia katikati.

Kwa kuchora maua miaka na miaka nimefikia mahali pa kuamini kwamba ung'avu wa ua hautoki kwenye tyubu peke yake. Sehemu kubwa hutoka kwa jirani. Na akriliki, ambayo baadhi ya wachoraji huidharau kwa kuwa inakauka upesi mno, ndiyo rangi iliyonifundisha hilo.

Nilianzia rangi za maji. Kule weupe wote ni wa karatasi: sehemu za mwanga unaziacha bila kuzigusa, unajenga kiza polepole kuzizunguka, na kiza kikishaingia hakitoki. Akriliki iliupindua mpango huo wote. Pigmenti, yaani poda inayotoa rangi, kwa kiasi kikubwa ni zilezile zinazotumika kwenye rangi za maji na za mafuta. Tofauti iko kwenye gundi. Gundi ya akriliki ni chembe ndogo mno za plastiki zinazoelea ndani ya maji. Maji yakishavukizwa, chembe husogeleana, hushikana na kuwa utando mmoja ambao maji hayawezi kuuyeyusha tena. Tabaka jembamba hufika hapo kwa dakika chache. Kwa hiyo unaweza kupaka kiza kizito cha kichaka, ukanyoosha mgongo, kisha ukaweka petali nyeupe juu yake na isichafuke.

Gundi hiyo ina tabia ya kuzoewa. Ikiwa mbichi ina weupeweupe, ikikauka weupe unatoweka. Ndiyo maana rangi uliyoichanganya hukolea kidogo inapokauka, na mabadiliko huonekana zaidi kwenye rangi za kiza kuliko kwenye zile nyepesi. Mimi huweka kipande cha karatasi nene pembeni ya paleti. Kila mchanganyiko muhimu naugusisha hapo kwanza, nausubiri ukauke, kisha nainua karatasi na kuilinganisha na ua lenyewe. Wengine huona hiyo ni kupoteza muda. Kwangu mimi karatasi hizo zimekuwa na thamani kuliko picha nyingi nilizomaliza, na nimezihifadhi, kila moja ikiwa na jina la ua na saa ya siku.

Sianzi kwenye kanvasi nyeupe. Juu ya weupe mtupu kila rangi unayoiweka huonekana nzito kuliko ilivyo, na mkono unaogopa kwenda kizani. Napaka kwanza tabaka jepesi la kahawia yenye wekundu, ile ya sienna iliyochomwa, iliyolegezwa hadi ikaenea kirahisi. Ikikauka ndipo naanza kijani, na wala sijali kuiziba kahawia yote. Vitone vyake vinavyobaki vikichungulia kati ya majani huufanya ukijani uchangamke, kwa sababu wekundu na kijani zikikaa karibu kila moja humkuza mwenzake.

Jambo hili lina historia ninayoipenda. Mwanakemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alikuwa msimamizi wa utiaji rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Yalikuja malalamiko kwamba nyuzi fulani nyeusi zilionekana hafifu. Alipochunguza alikuta kwamba tatizo halikuwa kwenye rangi ya nyuzi bali kwenye nyuzi za rangi nyingine zilizofumwa kando yake. Mwaka 1839 alichapisha utafiti wake mrefu kuhusu jinsi rangi zinavyobadilishana sura zikiwa jirani. Mchoraji wa maua anayeongeza nyekundu juu ya nyekundu, na ua likazidi kupooza, angefaa kuvisikia visa vya nyuzi hizo. Dawa ya ua lililopooza mara nyingi iko kwenye jani lililo nyuma yake.

Tuje basi kwenye kijani chenyewe, maana hapa ndipo penye kazi. Kijani cha tyubu, hasa kile cha thalo, pigmenti ya kiwandani inayoelekea bluu, ni kikali. Tone la ukubwa wa punje linatosha kumeza rundo zima la njano. Sikitumii peke yake kamwe. Kwa majani ya kawaida nachanganya njano na bluu, kisha naongeza chembe ya kahawia au nyekundu ili ukali upungue. Kwa yale maeneo ya ndani kabisa ya kichaka, ambako mwanga haufiki, nachukua kijani cha thalo na magenta ya kwinakridoni kwa vipimo vinavyokaribiana. Zinazaa kiza kinachokaribia weusi, lakini chenye uhai. Ukiongeza magenta kidogo kinaelekea zambarau, ukiongeza kijani kinarudi majanini. Nyeusi ya tyubu ninayo pia, kwa kazi moja tu: ukiichanganya na njano ya limau hutoa kijani cha zeituni kizuri sana, cha majani yaliyokomaa. Walimu wanaokataza nyeusi isionekane kabisa kwenye paleti wanamnyima mwanafunzi kitu cha maana.

Halafu kuna suala la jani lenyewe kuwa jani la nani. Tuliwahi kuanika picha zetu, mimi na wenzangu, na mzee mmoja mtunza bustani akapita akizitazama moja baada ya nyingine, mikono nyuma. Mbele ya picha ya rafiki yangu akasimama muda mrefu. Waridi lililokuwamo lilichorwa vizuri, petali zake zilikuwa laini, mwanga umekaa mahali pake. Mzee akasema, "Binti yangu, ua nimelitambua. Ila huu mti siujui." Rafiki yangu alikuwa ametawanya majani ya kijani yasiyo na ukoo wowote, mapana na yenye ncha moja, kuzunguka ua. Jani la mwaridi kwa kawaida limegawanyika vijani vidogo vitano au saba kwenye kikonyo kimoja, kila kimoja kina meno pembeni, na hakuna mtunza bustani asiyelijua hilo. Tangu siku ile tukawa tunaulizana wenyewe kwa wenyewe, "Mti unaujua?" Ni utani, lakini umetutoa mbali.

Kwenye tawi moja, chini ya jua moja, jani lina rangi zisizopungua tatu, na kuzitenganisha ndiko kuliko kubadilisha picha zangu kuliko kitu kingine chochote. Kuna jani linaloelekea juu na lenye uso unaong'aa. Hilo halikuonyeshi kijani chake, linakurudishia anga, kwa hiyo rangi yake ni bluu ya kijivu, baridi, nyepesi. Kuna jani lililoko kati yako na jua, mwanga unapita ndani yake kabla ya kukufikia. Hilo ni njano-kijani, la moto, na mishipa yake huonekana kuliko kwenye jani lingine lolote. Na kuna jani lililo kwenye kivuli cha mwenzake, zito na tulivu. Mchoraji mgeni huchanganya kijani kimoja kisha huongeza nyeupe kwa sehemu za mwanga na nyeusi kwa sehemu za kivuli. Matokeo yake ni jani la bati. Ukichanganya marundo matatu kabla ya kugusa kanvasi, la anga, la jua na la kivuli, bustani inaanza kupumua hata kabla hujaweka ua moja.

Ndipo maua yanaingia. Na hapa kanuni yangu ya kijani kwanza hugombana na maumbile. Chukua haibiskasi. Kwa aina nyingi ua moja huishi siku moja: hufunguka asubuhi, na kufikia jioni au kesho yake linajikunja. Ukilisubirisha hadi umalize majani, utalikosa. Kwa hiyo naligawa zoezi. Asubuhi nachora umbo la ua kwa penseli au kwa brashi nyembamba yenye rangi ya maji, naweka alama mwanga unatoka wapi, kisha nachukua rangi zake zote kwenye ile karatasi ya majaribio, pamoja na rangi ya koo lake. Nikishalinasa hivyo, natulia na kupaka majani, maana majani yatakuwepo kesho. Ua nalimalizia kwa karatasi na kumbukumbu, au kwa mwenzake atakayefunguka siku inayofuata. Hawafanani kabisa, lakini ni ndugu.

Lisogelee ua hilo la haibiskasi ulitazame kwa utulivu. Petali ni tano, na kila moja imejifunika kidogo juu ya jirani yake kwa upande uleule, kwa hiyo ua zima lina mzunguko. Ukizichora petali tano zilizo mbalimbali utapata feni. Katikati pana koo lenye rangi nzito, na kutoka hapo mishipa inatawanyika hadi ukingoni. Mishipa hiyo si mistari iliyochorwa juu ya petali, ni mifereji. Upande mmoja una kivuli chembamba na upande wa pili una mwanga, na ikikaribia ukingo inafifia hadi inapotea. Kisha kuna ile nguzo ndefu inayochomoza katikati, imezungukwa na vijinyuzi vyenye chavua ya njano, na kwenye ncha yake kabisa kuna vichwa vitano vidogo. Nguzo hiyo hudondosha kivuli juu ya petali iliyo chini yake. Kivuli hicho kimoja, kikichorwa mahali pake, kinaeleza kina cha ua kuliko saa nzima ya kuhangaika na wekundu.

Kuhusu wekundu wenyewe: ukitia nyeupe kwenye nyekundu ili uipe mwanga, hupati nyekundu yenye mwanga, unapata pinki. Wakati mwingine pinki ndiyo sahihi, hasa pale petali inapoakisi anga. Lakini petali nyekundu inayopitwa na jua huwa ya moto, inaelekea rangi ya chungwa. Njia niliyoizoea ni kuichora petali yote kwanza kwa nyeupe na waridi hafifu, nikionyesha kila mkunjo kana kwamba ni ua jeupe. Ikikauka, napitisha juu yake tabaka jembamba la nyekundu inayopitisha mwanga. Mwanga unaingia, unagonga weupe ulio chini, unarudi ukiwa umevaa wekundu. Tabaka la pili linakoleza, la tatu naliweka kwenye mikunjo tu. Kwa rangi za mafuta kila tabaka lingedai siku kadhaa za kusubiri. Kwa akriliki asubuhi moja inatosha. Hapo ndipo ule ukaukaji wa haraka unaolalamikiwa unapolipa.

Rangi zinazofaa kwa kazi hiyo ni za jamii ya kwinakridoni, zilizoingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1950. Zinapitisha mwanga, zinahimili jua, na zina usafi ambao nyekundu za zamani hazikuwa nao. Nyekundu za kadimiamu ni kinyume chake: zinaziba kilicho chini, kwa hiyo naziweka kwa miguso ya mwisho iliyo mizito. Na kama unahitaji zambarau safi ya maua, usiitafute kwa kuchanganya bluu na nyekundu inayoelekea chungwa. Utapata kahawia. Anzia kwenye magenta.

Tabaka hizo jembamba nazilegeza kwa kimiminika chake maalumu, kile cha akriliki kisicho na rangi, na maji nayaweka kidogo. Maji yakizidi sana gundi inatawanyika, na rangi ikikauka inabaki haijashika vizuri.

Kuna jaribio moja ninalomsihi kila mtu alifanye. Piga picha ya mchoro wako kwa simu, igeuze iwe ya nyeusi na nyeupe. Mara nyingi ua jekundu na majani yanayolizunguka vitakuwa kijivu kilekile, na ua limepotea. Jicho lilidanganywa na tofauti ya rangi likasahau tofauti ya mwanga. Kukunja macho nusu kunasaidia vilevile, na hakuhitaji chaji. Bustani yenyewe hufanya jaribio hilo kila jioni: jua likishazama, maua mekundu ndiyo ya kwanza kuzama gizani huku majani na maua ya bluu yakizidi kuonekana. Ni jicho linalobadilika, kwa kuwa kwenye mwanga hafifu hutegemea seli nyingine zisizoona wekundu vizuri. Jan Purkyně, mwanasayansi wa Bohemia, alilieleza jambo hili katika karne ya 19 na bado linaitwa kwa jina lake. Kwa mchoraji maana yake ni kwamba picha iliyoanza saa tisa mchana haiwezi kuendelea saa kumi na mbili na nusu jioni. Ukiendelea unachora bustani mbili kwenye kanvasi moja.

Bogenvilia ilinichosha hadi nilipojua kwamba ile sehemu yenye rangi si petali. Ni majani yaliyobadilika, kwa kawaida matatu, na ua halisi ni kile kijimrija cheupe au cha maziwa kilichofichwa ndani yao. Ukiyatazama kwa karibu yana mishipa ya jani na ukavu wa karatasi. Basi nayachora kama majani: la anga, la jua, la kivuli, ila kwa magenta. Kutoka mbali nachora wingu zima la rangi kisha nachonga vichache tu vilivyo mbele.

Njano ina tatizo lake: kivuli chake kikitiwa nyeusi huwa kijani. Natumia oka, yaani njano ya udongo, sienna mbichi na chembe ya zambarau. Kwa alizeti, ile sahani ya katikati ni mamia ya maua madogo yaliyojipanga kwa mizunguko inayopishana, mara nyingi 34 upande mmoja na 55 upande mwingine. Mwelekeo wa mizunguko unatosha. Anayehesabu punje aende kufundisha hesabu.

Kingo za petali zinastahili maneno zaidi. Lawama kubwa kwa akriliki ni kwamba kila kitu kinakuwa na ukingo mkali, kwa sababu rangi imekauka kabla hujailainisha. Ni kweli, na zipo njia za kulainisha: brashi yenye unyevu inayopitishwa mara moja pembeni ya mguso ulio mbichi bado, au brashi karibu kavu inayosugua rangi kidogo juu ya nyingine. Lakini mimi nimekuja kuupenda ukingo mkali, kwa sababu unaniwezesha kuchora petali bila kuigusa. Naweka doa la ua kubwa na la ovyo kuliko inavyotakiwa. Likikauka nachukua kile kiza cha majani na kulikata kutoka nje, nikifuata mzingo wa petali, nikichimba pengo dogo kati ya mbili, nikiacha ncha moja ichomoze. Brashi ninayoitumia ni bapa yenye ncha ya mviringo, nywele za sintetiki, imebebeshwa kijani na si nyekundu. Ua linatokea kwa kuondolewa kilichozidi. Na pale ambapo kijani kimekata vibaya, nasubiri dakika chache naweka waridi juu yake na kukata tena. Mvutano huo wa mbele na nyuma unaweza kuendelea mara nyingi utakavyo, kwa kuwa tabaka la chini halisumbuki.

Alma Thomas, Mmarekani aliyefundisha sanaa shuleni mjini Washington hadi alipostaafu mwaka 1960, alikwenda mbali zaidi ya hapo. Alichora kwa akriliki bustani aliyoiona kupitia dirisha la nyumba yake, na kwenye picha zake nyingi za maua hakuna petali hata moja. Kuna madoa mafupi ya rangi safi, yamepangwa kwa mistari au kwa miduara, na kati ya doa na doa pana upenyo mwembamba. Kazi yake ya mwaka 1966 ilitundikwa Ikulu ya Marekani mwaka 2015, ya kwanza ya mwanamke Mmarekani mweusi kuingia kwenye mkusanyiko wa kudumu wa nyumba hiyo. Nikizitazama picha zake naona ni upenyo ule unaofanya kazi. Uzibe, na madoa yote yatazimika.

Kuhusu kufanya kazi nje nina machache. Jua na upepo hukausha paleti kabla ya mkono kufika, kwa hiyo natumia sinia yenye sponji iliyolowa, juu yake karatasi ya kuokea, na rangi juu ya karatasi. Kwa mtindo huo rangi hudumu siku nzima, na ukifunika hata kesho. Kanvasi isikae juani. Macho yakizoea mwanga ule mkali utachanganya rangi nzito, na ukiingia ndani picha itakuwa ya usiku. Brashi isikauke ikiwa na rangi hata mara moja, na isisimamishwe kwa nywele ndani ya kopo. Kwenye baridi kali, chini ya nyuzi joto 10 za Selsiasi hivi, zile chembe za plastiki hazishikani sawasawa, kwa hiyo subiri siku nyingine. Na maji ya kuoshea brashi yasimwagwe kwenye mizizi ya mmea uliokupa picha. Yana plastiki, na baadhi ya pigmenti ni sumu. Yaache yatulie, mashapo yakusanywe kwa karatasi na kutupwa na taka.

Picha za simu nazitumia kwa umbo tu. Kamera nyingi hushindwa na magenta na nyekundu kali. Petali yenye mikunjo kumi inatoka doa moja lililonyooka. Rangi naitoa kwenye karatasi zangu.

Ua jeupe nililiacha la mwisho kwa kuwa kila ninachokiamini hupimwa hapo. Yasmini au waridi jeupe, ukilitazama bila haraka, halina weupe zaidi ya kijisehemu kimoja au viwili. Petali iliyoelekea anga ni bluu hafifu. Iliyoinama juu ya jani imepakwa ukijani na jani hilo. Ndani kooni mwanga umezunguka kati ya petali hadi ukawa na joto, njano ya mbali. Hizo zote nazichanganya kwa nyeupe ya titani, inayoziba vizuri. Ya zinki, iliyo laini na inayopitisha mwanga, naitumia kwa ukungu mwembamba kwenye kingo. Titani tupu naiweka mwishoni, mguso mmoja mzito, na ikiwa majani ya nyuma yalifika kizani inavyotakiwa, mguso huo unawaka. Kama hayakufika, hakuna kiasi cha nyeupe kitakachosaidia, nami hurudi nyuma na kuongeza kiza.

Baada ya rangi kukauka kabisa, na kwa tabaka nene hilo ni suala la wiki, naweka vanishi. Ya kung'aa hurudisha ule ukolevu wa rangi mbichi na kuzamisha kiza zaidi, kwa hiyo maua huonekana yameongezewa mwanga ingawa hayakuguswa. Isiyong'aa hupunguza hilo kidogo. Nachagua kulingana na picha na mahali itakapotundikwa. Zinazosubiri hazilazwi uso kwa uso, hata kama zimekauka. Utando wa akriliki hubaki na ulaini, na kwenye joto picha mbili zilizobanana hunatana hadi moja ivue rangi ya mwenzake. Nazisimamisha kama vitabu rafuni, vipande vya mbao katikati.